Polisi Mbele ya Mgonjwa wa Akili: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yetu

Barua tulizopokea safari hii zimetoka pande mbili. Nyingine ni za familia zilizolazimika kuwaita polisi kwa sababu ya ndugu aliyezidiwa na ugonjwa wa akili, na nyingine ni za maaskari wenyewe, ambao baadhi yao wanalalamika kwamba wanatwishwa kazi ambayo hawakuajiriwa kuifanya. Tumechagua sita, tukazifupisha zilizokuwa ndefu na kuyaficha majina ya walioziandika.

SWALI: Mwanangu ana miaka 24 na ana skizofrenia. Alipoacha dawa alianza kusema kwamba majirani wanamsikiliza kupitia ukutani, akajifungia chumbani na kuvunja vitu. Niliwaita polisi wanisaidie kumpeleka hospitali. Waliingia wanne kwa kishindo, wote wakimfokea alale chini, naye akazidi kupandwa. Aliumizwa bega, akalala mahabusu siku mbili kabla ya kuonwa na daktari. Askari aliyefundishwa angefanya nini tofauti? *Mama wa kijana*

JIBU: Pole sana, mama, kwa yaliyompata kijana na kwa mzigo unaoubeba.

Amri ya kufoka hutegemea kwamba anayefokewa anaisikia, anaielewa, na anaweza kupima madhara ya kutotii. Mtu aliye katikati ya saikosisi, yaani hali ya akili kupoteza mguso na uhalisia, huenda akakosa yote matatu kwa pamoja. Sauti anazozisikia kichwani zinashindana na sauti ya askari. Akili yake inahitaji muda mrefu kuipokea sentensi moja, sembuse maneno ya watu wanne wanaosema kwa mpigo. Na ikiwa tayari anaamini kwamba kuna watu wanaomwinda, wanaume wenye sare wanaovamia chumba chake ni uthibitisho kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli. Kuchelewa kwake kutii huonekana kuwa ni ukaidi, askari huongeza sauti na nguvu, naye huongeza kujihami.

Askari aliyefundishwa huianza kazi kabla ya kumwona mgonjwa. Angezungumza nawe kwanza mlangoni, hata kwa dakika mbili, akakuuliza kijana hupenda kuitwa nani, ameacha dawa tangu lini, kama chumbani kuna kitu chenye ncha kali, kama amewahi kusema atajiua, na ni jambo gani humtuliza au humwudhi zaidi. King'ora kingekuwa kimezimwa mapema na redio ya begani imepunguzwa sauti. Kisha askari mmoja tu ndiye angezungumza, wenzake wakibaki nyuma kimya, tayari kumlinda lakini bila kumzingira kijana wala kuziba mlango, kwa kuwa mtu anayejiona amebanwa hutafuta njia ya kutoka kwa nguvu. Angejitambulisha kwa jina lake, mikono ikionekana, akasema maneno machache na kunyamaza, kisha akangoja. Kungoja ndiko kunakowashinda askari wengi wapya, maana kila walichofundishwa kabla ya hapo kiliwataka wamalize jambo haraka.

Kuhusu hao majirani wa ukutani, askari asingebishana naye wala asingejifanya anakubaliana naye. Angeweza kusema, "Mimi siwasikii, lakini naona jambo hili linakutisha sana na hujalala." Kila hatua angeitaja kabla ya kuichukua, na ikiwa kanuni za kazi zinamlazimu kumfunga pingu njiani, hilo pia angelisema mapema na kueleza sababu yake. Tena asingemdanganya ili atoke chumbani, kwa sababu kijana huyu huenda akakutana na polisi tena, na uongo wa leo ndio utakaomfanya afunge mlango kwa makabati kesho.

Zile siku mbili za mahabusu ni jambo jingine, na huenda hao askari wanne hawakuwa na mahali pengine pa kumpeleka. Nchini Uingereza na Wales, kwa mfano, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983 inampa askari mamlaka ya kumchukua mtu aliyezidiwa na ugonjwa wa akili na kumpeleka mahali pa usalama ili apimwe, na tangu Desemba 2017 muda wa kumshikilia umepunguzwa kutoka saa 72 hadi saa 24, huku ikipigwa marufuku kabisa kutumia selo za polisi kwa aliye chini ya miaka 18. Bila kanuni ya namna hiyo, na bila wodi inayofungua mlango usiku, askari mpole na askari mkali wote wataishia kituoni na mgonjwa wao.

SWALI: Nimekaa miaka mingi kwenye doria. Wakufunzi wanatuambia tuzungumze taratibu, lakini mwenye kisu hangoji hotuba. Nikichelewa sekunde moja, nitakayezikwa ni mimi. Mafunzo haya hayatuweki hatarini? *Askari wa doria*

JIBU: Afande, swali la kisu ni la haki, na mkufunzi anayelikwepa hastahili kusikilizwa.

Bila shaka umewahi kufundishwa kuhusu zile futi 21. Chanzo chake ni zoezi lililoandikwa mwaka 1983 na Dennis Tueller, mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City, Marekani, lililoonyesha kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia umbali huo, yaani takriban mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi, muda unaokaribia ule anaohitaji askari kuchomoa bastola na kufyatua. Zoezi hilo lilikuwa onyo, halikuwa sheria, lakini katika kusimuliwa kwake vyuoni liligeuka likawa kana kwamba ni kibali cha kufyatua risasi kila mwenye kisu anapokuwa ndani ya mstari huo. Ukilisoma vizuri linakufundisha kinyume chake: kama mita sita hazitoshi, simama mita kumi na tano, na uweke gari, ukuta au mlango kati yenu. Sekunde moja unayoihofia mara nyingi hutengenezwa na askari mwenyewe anapomsogelea mtu ambaye hakuwa na haja ya kusogelewa.

Ndiyo maana mafunzo mazuri huunganisha maneno na mbinu za kujikinga, hayafundishi maneno peke yake. Mwaka 2015 maofisa wa polisi wa Marekani walikwenda Scotland, ambako askari wengi wa doria hawabebi bunduki, kuangalia wenzao wanavyowakabili watu wenye visu kwa umbali, kinga na subira. Mwaka uliofuata taasisi ya utafiti wa polisi ya Marekani, PERF, ilitoa mtaala uitwao ICAT, uliojengwa juu ya mambo hayo. Mtaala huo ulipopimwa katika polisi wa Louisville, jimbo la Kentucky, kwa utafiti uliowalinganisha askari waliokwisha kufunzwa na wale waliokuwa bado, matukio ya kutumia nguvu yalipungua kwa takriban 28%, majeruhi miongoni mwa raia kwa takriban 26%, na majeruhi miongoni mwa askari kwa takriban 36%. Naomba uisome tena takwimu ya mwisho, afande, kwa sababu ndiyo inayokuhusu: walionufaika zaidi walikuwa waliovaa sare.

Hakuna mtaala wa maana unaokutaka uzungumze taratibu huku mtu akimchoma mwingine kisu mbele yako. Maisha yanapokuwa hatarini papo hapo, kanuni za kutumia nguvu zinabaki palepale. Lakini hali hizo ni chache kuliko zinavyosimuliwa kwenye mabweni ya polisi. Makadirio ya watafiti wa Marekani ni kwamba ugonjwa mkubwa wa akili huchangia kati ya 3% na 5% tu ya vitendo vyote vya ukatili, na wagonjwa hawa hudhulumiwa mara nyingi zaidi kuliko wanavyodhulumu.

SWALI: Nimeagizwa kuandaa mafunzo ya afya ya akili kwa askari. Nimepewa siku moja na ukumbi wa watu mia mbili, na wakubwa wanataka askari wote wapite. Nifundishe nini? *Mkufunzi wa chuo cha polisi*

JIBU: Kama una uwezo wa kuukataa ukumbi huo, mkufunzi, ukatae. Watu mia mbili wakiangalia slaidi za majina ya magonjwa watatoka na vyeti, na usiku huohuo watafanya yale waliyokuwa wakiyafanya.

Mfumo ulioigwa zaidi ulianzia Memphis, jimbo la Tennessee, Marekani. Mwezi Septemba 1987 polisi wa jiji hilo waliitwa kwa mtu mwenye umri wa miaka 27 aliyekuwa akijikata kwa kisu na kutishia kujiua. Walimwamuru akitupe, akawaendea, wakampiga risasi na kumwua. Wananchi walikasirika, na mwaka 1988 polisi, chama cha familia za wagonjwa wa akili na vyuo vikuu viwili vya huko vikakaa pamoja na kuunda kikosi cha askari wa doria waliofunzwa kwa saa 40 kushughulikia dharura za aina hii. Leo Marekani ina zaidi ya programu 2,000 zilizofuata nyayo hizo. Kwa bahati mbaya, waigaji wengi walichukua zile saa 40 na kuyaacha mambo mengine yaliyozizunguka, ilhali mambo hayo ndiyo yaliyozipa maana.

La kwanza kati ya hayo ni kwamba askari walijitolea. Walibaki kuwa askari wa doria wa kawaida, lakini walipita usaili, na idadi yao ilikadiriwa kuwa robo au moja ya tano ya askari wa doria, kiasi cha kutosha kila zamu iwe na mmoja wao karibu. Wakubwa wako wanataka wote wapite, na nia yao ni njema, ila utafiti uliofanywa katika jimbo la Georgia na kuchapishwa mwaka 2017 uliona kwamba walioomba wenyewe kozi hii walifanya vizuri kuliko waliopangiwa. Wote wapewe misingi; wachache wenye moyo wa kazi hiyo wapewe kozi nzima, na wawe ndio wanaotumwa kwanza.

La pili ni wapokea simu. Askari hodari kuliko wote hana faida ikiwa aliyepokea simu ameandika "vurugu nyumbani" na kutuma gari la karibu zaidi. Wapokea simu wanapaswa kufundishwa kuuliza maswali yanayofichua ugonjwa, kumtambua mpigaji anayezungumza kwa mafumbo kwa sababu mgonjwa yuko kando yake, na kujua ni nani kati ya walio zamuni amepata mafunzo. Ningekuwa na fedha za kundi moja tu, ningeanza na hawa.

La tatu ndilo gumu zaidi, na haliko mikononi mwako. Memphis ilikuwa na hospitali moja iliyokubali kumpokea kila mgonjwa aliyeletwa na askari, bila kumrudisha na bila kumfanya askari asubiri usiku kucha. Miongozo ya mfumo huo inasema kwamba muda wa kumkabidhi mgonjwa usizidi ule unaotumika kumwandikisha mtuhumiwa mahabusu. Sababu yake ni ya kibinadamu kabisa: askari aliyesubiri kwa muda wa saa tisa kwenye benchi la mapokezi, kisha akaambiwa hakuna kitanda, safari ijayo atampeleka mtu huyo selo, na hakuna somo litakalombadilisha. Kabla hujaandika ratiba, nenda na mkuu wako mkaonane na mganga mkuu wa hospitali, na makubaliano yawekwe kwenye maandishi.

Kuhusu kilichomo ndani ya kozi, usimfanye askari kuwa daktari. Hahitaji kutofautisha aina za skizofrenia. Anahitaji kutambua kwamba mtu huyu hatawaliwi na ukaidi. Hata hivyo kuna hali ambazo lazima azijue, kwa sababu hufanana na wazimu au ulevi na zinaweza kuua: sukari iliyoshuka, kuchanganyikiwa baada ya degedege la kifafa, jeraha la kichwa, maambukizi yanayomvuruga akili mtu mzee. Mtu mwenye usonji anaweza kukimbia akiguswa, na kiziwi hawezi kuitii amri asiyoisikia. Askari afundishwe pia kuuliza waziwazi, "Unafikiria kujiua?", kwani kuuliza hivyo hakumpandikizii mtu wazo hilo, na mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kusema kweli. Sheria ya nchi kuhusu kumshikilia na kumlaza mgonjwa ipewe muda wake, ifundishwe na anayeijua.

Nusu ya muda, kama si zaidi, itumike kwenye maigizo ya matukio. Waigizaji wafundishwe vizuri, na tukio liwe na njia zaidi ya moja ya kuisha, ili askari akijongea mapema mno hali iharibike mbele ya macho yake na arudie tena hadi aipate. Kuna zoezi maarufu la kumvalisha askari vipokea sauti masikioni vinavyomnong'oneza matusi huku akijaza fomu au akijibu maswali. Linasaidia kuamsha huruma, ila tafiti za mazoezi ya aina hii zimeonyesha kwamba baadhi ya washiriki hutoka wakitamani kukaa mbali zaidi na wagonjwa, pengine kwa kuogopa walichokisikia. Kwa hiyo lisifanyike peke yake. Linalowabadilisha watu kwa uhakika zaidi ni kukaa meza moja na mtu aliyewahi kukamatwa akiwa mgonjwa, ambaye sasa ana nafuu, akawaeleza ni neno gani la askari lilimfikia na lipi lilimtia hofu. Mlipe kama mnavyomlipa mhadhiri mwingine yeyote.

Uwaeleze wakubwa wako ukweli kuhusu matokeo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2019 yaliona kwamba mafunzo ya mfumo wa Memphis huongeza maarifa ya askari, hupunguza unyanyapaa na kuwapa kujiamini, lakini ushahidi kwamba yenyewe hupunguza majeruhi, vifo au ukamataji bado ni hafifu. Mimi nausoma ushahidi huo hivi: ukibadilisha askari peke yake na kuacha simu, hospitali na kanuni za kutumia nguvu vilevile, umebadilisha sehemu ndogo ya safari.

Ikiwa baada ya maombi yote utabaki na siku moja, basi chukua watu thelathini badala ya mia mbili, uwafundishe umbali, kinga, msemaji mmoja na kungoja, uwafanyishe maigizo mchana kutwa, na uhakikishe makamanda wa zamu wamo ndani. Askari aliyefundishwa kungoja hawezi kungoja iwapo mkubwa wake anamwuliza redioni kila baada ya dakika tano kwa nini hajamaliza.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa mapokezi. Polisi huwaleta wagonjwa wakiwa wamelazwa kifudifudi nyuma ya gari, mikono imefungwa mgongoni. Nikisema ni hatari, hunijibu kwamba anayepiga kelele anapumua. *Muuguzi*

JIBU: Uko sahihi, na jibu wanalokupa limeshawaua watu. Ili kifua kipanuke, mbavu na tumbo vinahitaji nafasi. Mtu aliyelazwa kifudifudi huku akikandamizwa mgongoni anaweza kupata hewa ya kutoa sauti na bado akakosa ya kumtosha, hasa baada ya purukushani ndefu inayojaza asidi kwenye damu. Mara nyingi, mapambano anayoyaonyesha ni ya kutafuta pumzi, na askari huyasoma kuwa ni ukinzani na kuongeza uzito. Hatari huzidi kwa mtu mnene, kwa mwenye ugonjwa wa moyo na kwa aliyetumia kokeini au vichangamsho vingine.

Onyo hili si jipya. Wizara ya Sheria ya Marekani iliwaandikia polisi mwaka 1995 kwamba mtu akishafungwa pingu aondolewe kifudifudi mara moja. Akalishwe au alazwe ubavu, pumzi zake ziangaliwe na askari mmoja asiyekuwa na kazi nyingine, na kelele zikikatika ghafla isidhaniwe kwamba ametulia. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2018 kuhusu matumizi ya nguvu katika wodi za akili, inayofahamika kama Sheria ya Seni kwa kumbukumbu ya Olaseni Lewis, kijana wa miaka 23 aliyefariki mwaka 2010 baada ya kushikwa kwa nguvu na maaskari ndani ya hospitali.

Huenda pia ukaambiwa kwamba marehemu wa namna hii hufa kwa "msisimko wa wazimu" usio na uhusiano na alivyoshikwa. Chama cha madaktari wa dharura cha Marekani, ambacho waraka wake wa mwaka 2009 ulikuwa tegemeo la maelezo hayo, kiliuondoa waraka huo mwaka 2023. Andika kwenye faili hali ya mgonjwa alivyokufikia na saa aliyofika.

SWALI: Kwa nini polisi watumwe kabisa? Mwenye ugonjwa wa moyo hatumiwi polisi. *Mwanafunzi wa sheria*

JIBU: Kwa matukio mengi, hawahitajiki. Katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, Marekani, kuanzia mwaka 1989 simu nyingi za aina hii zilijibiwa na watu wawili wasio na silaha, mmoja mwenye ujuzi wa tiba na mwingine wa kushughulikia watu waliokumbwa na dharura za akili, waliokuja na gari lao la kawaida. Stockholm ilianzisha mwaka 2015 gari la wagonjwa lenye wauguzi wawili wa magonjwa ya akili na dereva. Denver ilianza mwaka 2020 kutuma mtaalamu wa afya ya akili na mhudumu wa tiba, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliona kwamba taarifa za makosa madogo yaliyolengwa na mpango huo zilipungua kwa 34% katika maeneo uliyoyahudumia.

Hata hivyo mjadala huu una pande zaidi ya zile zinazosikika mikutanoni. Huduma ya Eugene, iliyosifiwa na miji mingi, ilisitishwa mjini humo mwaka 2025 baada ya fedha kuyumba. Nchini Uingereza polisi wa Humberside walianza kujiondoa kwenye simu zisizokuwa na uhalifu wala hatari ya maisha, na mwaka 2023 utaratibu huo ukafanywa wa kitaifa. Polisi wamepumua kwa kupata muda wa kazi nyingine, lakini wahudumu wa afya na mashirika ya wagonjwa wamelalamika kwamba askari wameondoka kabla ya mbadala wao kufika. Naona malalamiko hayo ni ya kweli. Kumwondoa polisi ni rahisi, kwa kuwa kunahitaji waraka mmoja tu. Kumweka muuguzi barabarani saa nane za usiku kunahitaji bajeti ya kila mwaka.

Tena zitabaki simu zenye silaha, zenye mtu juu ya daraja, au zile ambazo hakuna aliyejua kwamba ni ugonjwa mpaka askari alipofika. Kwa sababu ya hizo, hata mji wenye timu bora za afya hauwezi kuacha kuwafundisha polisi wake.

SWALI: Mdogo wangu anasema atajiua. Nikipiga simu ya dharura, niseme nini ili asije akatendewa kama mhalifu? Naambiwa pia kwamba anaweza kushtakiwa. *Dada mkubwa*

JIBU: Sentensi yako ya kwanza iwe hii: "Hii ni dharura ya afya ya akili." Iseme kabla hujaeleza alichovunja au alichosema, kwa kuwa neno la kwanza ndilo linaloandikwa. Kisha taja ugonjwa wake na dawa zake kama unazijua, na useme wazi kama ana silaha au hana. Usifiche kuwapo kwa kisu kwa kuogopa, maana askari anayekigundua ghafla ni hatari kuliko aliyejua tangu mwanzo. Omba askari aliyepata mafunzo haya, au gari la wagonjwa ikiwa hana silaha, na uombe waje bila king'ora. Wasubiri nje mikono ikionekana, uwaeleze kwa ufupi, nao wakiingia usizungumze na mdogo wako kwa wakati mmoja nao. Huku ukingoja, ondoa dawa, kamba na vitu vyenye makali kama unaweza kufanya hivyo bila kujihatarisha, wala usimwache peke yake.

Kuhusu mashtaka, hilo linategemea nchi. Uingereza na Wales zilifuta kosa la kujaribu kujiua mwaka 1961. India, kwa sheria ya mwaka 2017, inamchukulia aliyejaribu kuwa mtu aliyeelemewa anayestahili matibabu. Ghana ililifuta kosa hilo mwaka 2023, na Mahakama Kuu ya Kenya iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kinachoadhibu jaribio la kujiua kinakiuka katiba. Ziko nchi ambako kosa hilo bado limo vitabuni. Kama yako ni mojawapo, na mdogo wako hana silaha, jaribu kwanza hospitali au gari la wagonjwa. Lakini akiwa ameshachukua hatua ya kujidhuru, piga simu yoyote itakayojibiwa haraka zaidi, na suala la mashtaka mtalishughulikia na wakili akiwa hai.